Niung'oe mvule wa ami yangu?

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Nimeachiwa na marehemu baba gari aina ya Morris Minor Traveller la mwaka 1968, ile stesheni wagoni ndogo yenye mbao nje, upande wa nyuma. Vijana hapa Mombasa huniuliza kwa nini nimeligongomelea kabati.

Kwa asiyelijua, zile mbao si pambo. Ukishapita milango ya mbele, mbao ndizo bodi lenyewe. Ndizo zinazoshika paa, vioo na milango miwili ya nyuma. Bati la alumini limejazwa tu katikati. Tangu Traveller ya kwanza ya 1953 hadi ya mwisho ya 1971, kiwanda kilitumia mti wa Ulaya uitwao eshi, mweupe, mgumu na wenye kunepa, ambao wenyewe huufanyia mipini ya mashoka. Lakini eshi hauwezani na maji. Vioo vya ubavuni huteleza ndani ya mfereji, na mfereji ule hutuamisha mvua. Huko kwao Waingereza hutaniana kwamba humo huota majani. Sasa ongeza joto la pwani na mchwa. Siku niliyolitoa uani, bisibisi iliingia kwenye mbao kama kisu kwenye boflo.

Gereji zote nilizolipeleka zilinirudisha. Aliyenipokea ni ami yangu, fundi wa majahazi. Alilizunguka mara mbili, akasema, "Mwanangu, hili ni jahazi limefudikizwa. Mataruma haya, mbavu zake, nayajua." Alichukua vile vipande vilivyooza akavifanya ruwaza, akachonga vipya kwa mvule, kimoja kimoja, kwa tezo na patasi, huku vumbi likimpigisha chafya kutwa. Ilimchukua miezi 14. Ujira hakutaka. Ndani ya milango ya nyuma, bila ya kuniuliza, akachonga macho mawili kama yale ya omo, yaani mbele ya jahazi. Mwaka jana Mungu alimchukua.

Mimi sasa macho yangu yenyewe hayanisaidii kuendesha, na mkopo wa sacco niliofufulia injini bado unanidai. Nikaamua kuuza. Akatokea mteja kutoka Nairobi, mtu mstaarabu, mwenye magari ya zamani kadhaa na ndoto ya kulipeleka hili Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse. Alipiga magoti akapapasa kila kiungo, akasifu kazi. Kisha akaniuliza, "Mzee, hii si eshi?" Nikamwambia ukweli.

Bei yake ni hii: Sh800,000 lilivyo, au Sh1.6 milioni nikiagiza mbao za eshi kutoka Uingereza na kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani. Nimepiga hesabu ya mbao, meli, ushuru na fundi: karibu nusu ya ile ziada italiwa humo. Nikishatoa gharama hizo, bei inayobaki inalipa mkopo wote na chenji juu. Nikiuza lilivyo, mkopo utalipika, lakini mimi nitabaki mikono mitupu.

Wala siwezi kumlaumu. Anayekusanya vitu vya kale anataka kitu kilivyokuwa, na mvule haukuwamo. Ila najiuliza: baba aliliendesha gari hili humu Mombasa, likaozea humu, likafufuliwa humu na mtu wa humu. Hiyo nayo si historia yake? Au ni uchungu wa kufiwa ndio unaonisemea?

Dalali mmoja kanishauri nitafute mteja mwingine asiyejua mbao, nipige vanishi nyeusi kidogo, ninyamaze. Huyo sikumjibu.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Je, wakusanyaji wote hukataa mti mwingine hata ukiwa bora, au nimeangukia mmoja tu? Na bodi likishafunguliwa, ule mvule wa ami unaweza kutoka mzima, au utapasuka kwenye viungo? Maana nimefikiri angalau ile milango miwili nibaki nayo, lakini mke wa ami hajui lolote bado, na kila Ijumaa akija kwetu hupita uani kwanza, akaipangusa kwa upindo wa leso yake.

Mteja anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mzee wa Traveller,
Mombasa