Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: tangi la Aprili, majani ya Oktoba

Mheshimiwa Waziri,

Habari za kazi. Nakuandikia kutoka Machame, wilayani Hai, ninakofuga ng'ombe watatu wa maziwa kwenye kihamba (shamba la nyumbani la migomba) alichotuachia mama mkwe.

Aprili iliyopita nilifika kituo cha kukusanyia maziwa saa 3 kasorobo asubuhi na lita 14. Barabara ilikuwa utelezi mtupu, mara mbili nilishuka kwenye bodaboda tukaisukuma. Mpokeaji, kijana mwenye adabu zake, akatumbukiza laktomita, kipimo cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji, akaridhika. Akachanganya maziwa kidogo na spiriti kwenye kikombe kuona kama yameanza kuchacha, hayakuganda. Kisha akasema, "Mama, maziwa ni mazuri, ila tangi limejaa na gari la kiwanda halijapanda tangu jana. Rudi nayo tu." Nikarudi nayo. Mengine nikagandisha mtindi, mengine nikawapelekea majirani ambao nao walikuwa na yao ya kumwaga, yaliyobaki akanywa nguruwe.

Oktoba kijana yuleyule akanipigia simu: "Mama, huna hata lita tano?" Nilikuwa nazo tatu. Ng'ombe walikuwa wanakula migomba iliyokatwakatwa, na kila mfugaji wa huku anajua kwamba mgomba ni maji. Unajaza tumbo, haujazi kiwele. Mabua ya kupandisha kutoka tambarare yalikuwa ghali kiasi kwamba nilikaribia kumuuza mtamba. Lita niliyoiuza 800 wakati wa masika ilifika 1,200, na mimi sina cha kuuza. Pakiti ya dukani Moshi, nayo, haikuwa imeshuka hata shilingi wakati nguruwe wangu anakunywa maziwa.

Bei ya maziwa inapozungumzwa huko juu, huku tunasikia mambo mawili: tozo ya maziwa ya nje na bei elekezi. Tozo tumeshaijaribu. Mwaka 2018 ilipandishwa zaidi ya mara kumi, ikafika shilingi 2,000. Sina ugomvi nayo, lakini haikunipozea lita hata moja. Bei elekezi wameijaribu jirani zetu wa Kenya, walipotangaza mwaka 2024 kwamba kuanzia Machi mfugaji alipwe shilingi 50 zao kwa lita. Wao wana New KCC, kiwanda cha umma ambacho serikali inaweza kukiambia kinunue. Wewe utamwambia nani? Nchi hii inakamua zaidi ya lita bilioni 3 kwa mwaka, na yanayopita viwandani hayafiki asilimia 5. Mengine yote yananyweka nyumbani au yanauzwa kwenye vidumu na chupa za maji zilizookotwa. Muuza kidumu hasomi tangazo la serikali.

Kwa hiyo naomba uache bei kwanza, ushike misimu.

Maziwa ya masika yana mnywaji, naye yuko darasani. Machi hadi Mei, maziwa yanapofurika, kwa sehemu kubwa shule ziko wazi. Kila mwaka kilele cha Wiki ya Maziwa, tarehe 1 Juni, watoto wanapewa pakiti na picha zinapigwa. Tarehe 2 wanarudia uji mweupe. Halmashauri zinazofuga kama yetu zingefunga mkataba wa miezi hiyo mitatu tu na vituo vya jirani, maziwa yachemshwe au yagandishwe hapohapo, yasisubiri gari la kiwanda. Wazazi tunachangia chakula cha shule tayari. Sehemu ya mchango huo tungelipa kwa lita, na wengi wetu tungefurahi kuliko kutafuta hela.

La pili ni majani, na hapa ndipo ninapoona uchungu zaidi, kwa sababu dawa iko jirani. Ranchi ya serikali ya West Kilimanjaro, chini ya NARCO, kampuni ya taifa ya ranchi, iko wilaya ya jirani, Siha. Baada ya masika majani yanasimama huko hadi yanakauka. Shamba la Vikuge kule Kibaha limeshaonyesha kwamba serikali inaweza kufunga hei, yaani majani makavu, kwenye marobota na kuiuza. Yafungwe Juni, yawekwe ghalani, tuuziwe Septemba kwa bei inayojulikana tangu Juni. Vikundi vya akina mama tunaweza kulipia kwa mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake, ambayo sasa kikundi kinapewa kifuge kuku, lakini ukiomba ya kununua majani unachekwa.

Jambo la umeme kituoni nimeliacha makusudi, tangi la kupozea likizimika usiku tunajua pa kulalamika.

Hotuba ya bajeti ya wizara yako husomwa Mei, wakati sisi tuko kwenye foleni na ndoo. Kijana wa kituoni ana redio. Tutaiwasha.

Mfugaji wa ng'ombe watatu,
Machame, Hai