Kifuniko cha Meni Swichi Kikigoma Kufunga, Usikilazimishe

Picha tunazotumiwa na wateja kwa WhatsApp zinafanana sana. Kisanduku cha breka (zile swichi ndogo zinazojikata umeme ukizidi), ambacho wengi hukiita meni swichi, kiko ukutani, kifuniko kimebenuka upande mmoja, skrubu mbili hazipo, na pale palipoachia pamebandikwa selotepu. Ujumbe huwa mfupi: "Fundi, pita unikazie hicho kifuniko." Tunapita, ila kukaza ndiyo kazi ya mwisho, na wala si ngumu. Kinachotuchukulia muda ni kujua kwa nini kifuniko kilichokaa vizuri siku nyumba ilipoingizwa umeme leo hakikai.

Nyuma ya kifuniko hicho kuna shaba tupu yenye volti 230. Viwango vya kimataifa vinataka uso wa kisanduku usiruhusu kidole kuifikia. Kiwango cha chini huandikwa IP2X, maana yake kitu cha duara chenye kipenyo cha milimita 12.5 hakipenyi. Sasa angalia nafasi inayobaki breka moja ikitolewa bila kuwekewa kizibo: upana wake ni karibu milimita 18. Kidole cha mtoto kinaingia chote. Na si watoto tu. Mijusi hupenda joto la mle ndani, nyigu hujenga, sisimizi huhamia kwa ukoo mzima, na mjusi mmoja akigusa pasipoguswa anatosha kuzima nyumba. Kwa wateja wetu wanaokaa karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach, hewa ya chumvi hupita kwenye mwanya huohuo na kuacha kutu ya kijani kwenye shaba. Kiungo chenye kutu hupata joto kuliko kinavyopaswa.

Sababu za kifuniko kugoma si nyingi, na baadhi yake si za umeme hata kidogo. Boksi la kuzamisha limezamishwa kupita kiasi, halafu mpiga plasta akaja kumalizia na kufunika kingo. Au boksi la kubandika limekazwa kwenye ukuta usionyooka likajipinda, reli ya ndani ikapinda nalo, na breka haziko tena sambamba na dirisha la kifuniko, ile nafasi zinapotokezea. Hayo yanarekebishika. Tunalegeza boksi, tunaweka vipande vya kulisawazisha kwa nyuma, tunachonga plasta iliyozidi, basi.

Nyingine ni breka za kampuni tofauti ndani ya boksi moja. Reli ni ya milimita 35 kwa karibu kampuni zote, kwa hiyo breka yoyote utakayouziwa dukani itajipachika na utasikia "ta!". Muuzaji atakuhakikishia kwamba ni ileile. Lakini uso wake unaweza kuwa umechomoza milimita mbili tatu kuliko jirani zake, na mahali pa kubania shaba pakawa juu au chini kidogo. Kifuniko kinaigundua tofauti hiyo kabla yako. Ushauri wetu ni kubaki na kampuni iliyotengeneza boksi, hata kama breka yake ni ghali zaidi na inabidi kuifuata Kariakoo.

Sababu inayotutia wasiwasi kuliko zote ni ndogo kwa macho. Breka hupokea umeme kupitia bamba la shaba lenye meno kama kitana, mafundi tunaliita basba. Kila jino linatakiwa liingie ndani ya kibanio cha breka yake. Fundi mwenye haraka hupachika breka huku jino limepita nyuma ya kibanio. Anakaza skrubu, anaisikia imegota, anaamini kazi imekwisha, kumbe kibanio kimebana hewa. Breka inabaki imeinama kidogo kwa mbele, na kifuniko kinagoma hapohapo.

Taa zitawaka kama kawaida, kwa sababu jino bado linagusa. Shida inaanza ukiwasha hita ya maji au jiko la umeme. Mguso ule mwembamba unapata joto, plastiki inageuka kahawia, na breka mara nyingi haijikati, kwa kuwa inachokilinda ni mkondo uliozidi kiasi, na hapo mkondo ni uleule wa kila siku. Ukikilazimisha kifuniko kwa nguvu, unaisukuma breka nyuma, kifuniko kinakaa kwa unadhifu, na joto linaendelea kwa siri. Ndiyo maana hatupendi kusikia "nimeshakibana mwenyewe, njoo uangalie tu." Bora tukikute kimeachia.

Kuna pia suala la skrubu. Skrubu za kifuniko ni fupi na ncha yake ni butu, kwa makusudi. Zikipotea, mtu huchukua skrubu yoyote ya droo, nyingi zikiwa zile ndefu zenye ncha kali za kufungia bodi za dari. Inaingia, inapita, inatoboa mpira wa waya uliojikunja nyuma. Kama kifuniko ni cha chuma na athi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, haikuunganishwa, sasa kifuniko chenyewe kina moto, yaani umeme. RCD, ile swichi yenye kitufe cha T inayojikata umeme ukivuja, ingeweza kuokoa mtu, ila nyumba nyingi za zamani hazina. Na hata ikiwepo, skrubu ikitoboa waya unaoingia kabla ya RCD, haitaona kitu.

Sasa usalama wa kazi yenyewe. Hapa tuwe wakali kidogo, maana kuna mazoea mabaya.

Kuzima meni swichi yenyewe, yaani swichi kuu iliyo ndani ya boksi, hakuondoi umeme wote kwenye boksi. Waya zinazotoka kwenye mita zinabaki na moto hadi pale zinapobanwa kwenye meni swichi, na kifuniko kikitolewa sehemu hiyo inaweza kuwa wazi. Wengine husubiri umeme ukatike mtaani ndipo wafungue. Umeme haurudi kwa miadi. Wengine husubiri uniti za LUKU ziishe, au za TUKUZA kwa wenzetu wa Zanzibar. Mtoto aliye sebuleni akiingiza tokeni kwenye kile kitufe-namba, mita inafungua na wewe una bisibisi mkononi. Ukiwa na jenereta, inveta au sola, hesabu njia hizo pia, kwa sababu umeme unaweza kuingia kutoka upande ambao hukuufikiria.

Kwa hiyo tunapofika tunauliza kwanza: kuna chanzo kingine cha umeme? Kuna mgonjwa anayetumia mashine, kuna friji ya dawa? Kisha tunazima, tunafunga swichi isiwashwe na mtu mwingine, na tunapima. Hatutegemei ile testa ya bisibisi yenye taa ndogo, ambayo juani huioni ikiwaka na ikiharibika haikuambii. Tunatumia kipimo cha ncha mbili: kwanza mahali tunapojua pana umeme, halafu ndani ya boksi, moto kwa nyutro (waya wa kurudishia umeme), moto kwa athi, nyutro kwa athi, kisha tunarudi kupima pale pa kwanza kuhakikisha kipimo hakikufa katikati ya kazi.

Kifuniko nacho hakivutwi ovyo. Skrubu ya mwisho hulegezwa huku mkono mwingine umekishika, kwa sababu cha chuma kikidondoka kinaweza kutua juu ya waya zinazoingia. Ndani tunakagua kila jino la basba, tunakaza vibanio kwa kiasi alichoandika mtengenezaji, tunapanga waya ili zisisukume kifuniko, tunaunganisha athi kwenye kifuniko kama ni cha chuma, na tunaziba kila dirisha lisilo na breka. Tukigundua kazi inahitaji kugusa waya za kabla ya meni swichi, tunasimama hapo. Kukata umeme upande wa mita na kuvunja sili yake ni kazi ya TANESCO, na tutakusaidia kuwasilisha ombi. Kuna wateja hukasirika tukisema hivyo. Tumezoea.

Wewe mwenye nyumba unaweza kufanya nini bila kufungua kitu? Tazama kama kifuniko kimekaa sawa pande zote nne. Tafuta dirisha tupu. Nusa, plastiki inayoungua ina harufu kali ya samaki waliochacha, na wengi hupekua jikoni kutafuta kilichooza kumbe ni breka. Sikiliza kama kuna mlio wa kuvuma. Bonyeza T kwenye RCD kila baada ya miezi michache uone kama inajikata. Ukikuta rangi ya kahawia, harufu au mlio, zima meni swichi kama unaweza kuifikia bila kugusa kitu kingine, usiwashe tena, na mwite fundi mwenye leseni ya EWURA siku hiyohiyo. Ukiona moshi au moto, toa watu nje, usimwage maji, piga 114 kwa Zimamoto.

Mara nyingi kifuniko cha zamani kinarudishwa na skrubu zake sahihi, bila kununua kipya. Kikiwa kimevunjika masikio, tunatafuta cha modeli hiyohiyo. Cha modeli nyingine hatukichongi ili kikae, hata mteja akitubembeleza. Modeli ikiwa imeacha kutengenezwa, inabidi kubadili boksi zima, na tutakuandikia gharama kabla ya kugusa chochote.

Ukitutumia picha, piga moja ukiwa mbele na nyingine ubavuni, ili tuone kilipobenuka. Tutajie kampuni iliyoandikwa kwenye boksi na zile za breka, na kama mita iko nje au ndani. Usikifungue ili upige picha ya ndani.