Kabla hamjatweka tanga

Mwanangu mpenzi, mamangu,

Assalaam aleikum. Ami yako alinipigia jana kuniambia safari imethibiti: Jumamosi mnatoka Lamu kwenda Kiwayu, vijana sita na yeye nahodha, siku nne kwa mashua ya tanga isiyo na injini. Nimefurahi hata usingizi umenipaa. Ningekupigia simu, lakini ninalotaka kukwambia sijawahi kumwambia mtu, na kwa simu najua ningelikatiza njiani.

Kwanza njia. Jumamosi ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kiasi, maji yatajaa karibu saa 10 alfajiri, na hapo ndipo pa kupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Mkichelewa mashua itakaa topeni, mikoko kushoto na kulia, mpaka maji yarudi alasiri. Mkishatoka mtapata umande, upepo mwororo wa asubuhi unaotoka bara. Omba usukani wakati huo. Kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, huamka jua likipanda, na ijapokuwa Agosti haina hasira za Juni, si upepo wa kuanzia kujifunza.

Kwenda kutawadanganya. Kusi itakuwa nyuma yenu, mtapita Siyu na Faza tanga limejaa, na kila mmoja atajiona baharia. Masomo yako kwenye kurudi. Upepo usoni, mtapiga bisha, yaani kwenda mshazari huku na huku, kutwa nzima, na kila mkigeuza, demani, kamba ya kuongozea tanga, iachiwe, tanga lizungushwe mbele ya mlingoti, foromali, ule mti unaobeba tanga, ihamie upande wa pili. Viganja vitachubuka. Mkoko mlioupita asubuhi mtauona tena adhuhuri, uleule. Usikate tamaa hapo, mamangu. Hapo ndipo utakapoanza kuusikia upepo shavuni kabla haujafika kwenye tanga.

Sasa hilo lenyewe.

Nilikuwa na miaka 15, kama wewe. Kazi yangu chomboni ilikuwa kufua maji ngamani, kule chini kabisa ya chombo, na kupika. Tulikuwa tukirudi kutoka Kiwayu na shehena ya ng'onda, samaki wakavu. Alasiri tulitua tanga kungojea maji, nami nikakaa juu ya foromali kupumzika. Mbele ya macho yangu ilikuwa henza, ile kamba inayopandisha foromali. Ilikuwa ya katani, imesukwa kwa nyuzi tatu. Mmoja ulishakatika. Wa pili ulikuwa umeota manyoya kama utambi wa taa. Niliupapasa kwa kidole gumba, vumbi la katani likabaki kidoleni.

Nikawatazama wakubwa, nahodha na mabaharia watatu, wote wameanza bahari mimi sijazaliwa. Nikajiambia, hawa wameshaiona, mimi ni nani wa kuwafundisha? Nikajipangusa kidole kwenye kikoi, nikaenda kupika wali.

Usiku, nje ya Pate, henza ilikatika. Foromali lilishuka lote na tanga lake, likampata bega mzee aliyekuwa ameshika demani. Mzee huyo ndiye aliyenifunza kuogelea. Bega halikuunga vizuri. Tangu siku ile mkono haukupanda kupita kifua, naye hakutweka tanga tena. Alimaliza umri wake akiuza makaa. Kila tukikutana aliniuliza hali, akaniombea dua. Alifariki bila kujua kwamba mimi niliiona kamba ile.

Tumekulea usimkatize mkubwa maneno, na hilo silijutii. Nyumbani na barazani endelea vivyo hivyo. Lakini chomboni, ukiona kitu, sema. Sema hata kama una shaka nusu. Adabu haipotei kwa kusema, "Ami, samahani, hebu itazame kamba hii." Akikujibu kwamba aliiona zamani, umepoteza nini? Nimezungumza naye. Ameniahidi kwamba atakayesema atasikilizwa, hata awe mdogo wenu wa mwisho.

Na jambo jingine katika hilohilo. Wewe na binti ami yako ndio wasichana peke yenu. Mkiona kila zamu mnatumwa jikoni na wavulana wanashika usukani, semeni. Kupika ni zamu ya kila mtu, na kufua maji pia. Hukuondoka kwetu kwenda kukuna nazi Kiwayu.

Jaketi la kuelea usilivue hata bahari ikiwa shwari. Maji ya kunywa pimeni kila jioni. Usiku usiketi ukingoni.

Nimempa ami yako henza mpya. Kabla ya kuifunga niliipitisha yote mkononi, ncha hadi ncha, na ni nzima. Ila ikishasuguliwa siku mbili haitakuwa mpya tena. Kile kipande kinachokaa ndani ya kapi, kile kigurudumu cha kamba juu ya mlingoti, tanga likituliwa hushuka nalo, kikakaa karibu na foromali. Jumatatu, kabla hamjatweka kurudi, kitafute, ukipapase kwa kidole gumba.

Jumanne maji ya jioni yatajaa karibu na magharibi. Nitakuwa gatini.

Babako