Barua kwa Zaina, kabla hajapanda basi la Makete

Mwanangu Zaina,

Nimelikuta andalio lako la somo mezani nikalisoma bila ruhusa. Limepangika kuliko langu nilipoanza kazi. Ila pale watoto wanapoimba "tropiki ni joto, ncha ni baridi", pafute. Si huko Makete, mwanangu.

Watoto wale Juni wanaamka wanakuta sakitu kwenye viazi. Wako tropiki kama sisi, nyuzi 9 tu kusini mwa ikweta, na darasani wanaingia na makoti. Ukiwaimbisha kwamba kwao ni joto wataimba, maana mwalimu kasema, lakini watajua jiografia ni habari za watu wengine.

Anza na mwinuko. Hapa Tanga tuko pwani. Wao wako juu zaidi ya mita 2,000, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6 za Selsiasi. Wape hesabu waifanye wenyewe. Watakwambia wao kwa nini pareto na matufaa yanakubali kwao na mnazi haukubali.

Latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta, baadaye. Mulika mpira kwa tochi katikati, kisha sogeza mwanga uleule hadi karibu na ncha. Utatawanyika na kufifia. Atatokea wa kusema ncha zina barafu kwa kuwa ziko mbali na jua. Usimcheke. Mwambie dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, Ulaya wakiwa kwenye theluji, kisha umwache ahangaike nalo. Nawe uliniuliza hilo ukiwa darasa la nne. Nilivyokujibu unajua.

Narudia: usiwaimbishe. Umefaulu vizuri, nimetamba nawe mpaka msikitini, lakini una haraka, na ukibanwa unakimbilia kitabu. Kitabu hakijawahi kulala Makete.

Mama yako ameshafunga blanketi la bibi. Usimwambie ni zito, ameanza kulia tangu jana. Fundi wa bati la jikoni anataka hela kabla ya masika. Nimemwambia asubiri, na mshahara wako wa kwanza usiutume huku, nunua koti. Mdogo wako anadai chaja uliyochukua ni yake. Mrudishie.

Tochi yangu nimeiweka juu ya begi, betri mpya. Wimbo ule ufute kabla hujaondoka, nione.

Baba yako