Fungueni madirisha kabla ya kupuliza dawa madawati

Kwa Mhariri,

Ukipita kwenye malango ya shule za msingi jijini Nairobi wiki hizi za Julai 2021 utakuta karatasi mpya ya kanuni za afya na usalama dhidi ya korona imebandikwa. Isome kwa makini. Nyingi ya karatasi hizo ni zile zile za Oktoba 2020, Gredi ya Nne na Darasa la Nane waliporejea shuleni. Tarehe imebadilishwa, muhuri umepigwa, lakini yaliyomo ni yale yale: madawati yapulizwe dawa, mtoto apimwe joto langoni, kila mtu anawe mikono. Hewa imeachiwa mstari mmoja mwishoni: “madarasa yawe na hewa ya kutosha.” Ya kutosha ni kiasi gani, na ni nani wa kuhakikisha, karatasi haisemi.

Kanuni hizo ziliandikwa tulipodhani korona huenea zaidi kwa kugusana. Tangu hapo mengi yamejulikana. Mwezi Aprili mwaka huu wa 2021, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa kawaida ni chini ya mara 1 katika mara 10,000. Mwishoni mwa mwezi huo huo Shirika la Afya Duniani (WHO) likaweka wazi kwamba virusi huelea hewani na huweza kumfikia hata aliyekaa mbali, hasa katika chumba chenye watu wengi na hewa iliyotuama. Hilo ndilo darasa letu la Julai: watoto 60, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi.

Tuanze na pesa. Shule inayolipa watu waje kupuliza dawa kila Ijumaa inanunua harufu tu. Tangu Mei 2020 WHO ilishauri kwamba kupuliza dawa vyumbani kama desturi hakufai, kwa sababu ukungu haufiki mvunguni mwa dawati wala nyuma ya kitasa, na uchafu uliopo huimaliza nguvu klorini iliyo katika dawa hiyo kabla haijafika kwenye virusi. Kumpulizia mtu ni kumdhuru macho na mapafu. Ruzuku ya elimu bila malipo mwaka huu wa 2021 ni Sh1,420 kwa mtoto kwa mwaka mzima. Haitoshi hata ya chaki, sembuse ya ukungu.

Klorini ina kazi yake, lakini ni vyooni, kwenye mifereji ya kunawia, kwenye vitasa na pale mtoto alipotapika, na hapo ndipo vipimo hukosewa kila siku. Dawa ya klorini ya dukani kwa kawaida huwa na nguvu ya asilimia 3.5 (soma kibandiko, maana zipo za nguvu tofauti). Ili kupata asilimia 0.1 ya kupangusia, changanya kipimo kimoja cha dawa na vipimo 34 vya maji: nusu lita ya dawa kwa lita 17 za maji, yaani ndoo ya lita 20 isiyojaa. Palipo na damu au matapishi tumia asilimia 0.5, kipimo kimoja kwa sita vya maji. Osha kwanza kwa sabuni, kisha upake klorini na uiache dakika 10. Ichanganywe asubuhi kwa maji baridi na ifunikwe, na inayobaki jioni imwagwe kwa sababu kufikia kesho nguvu imepungua. Halafu mfanyakazi wa usafi aambiwe ana kwa ana, wala asiachiwe bango, kwamba klorini haichanganywi kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Zikikutana hutoa gesi inayokaba pumzi, na choo cha shule ni kachumba kadogo.

Sasa madirisha. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataja darasa la mita 7.5 kwa 6, lenye watoto wasiozidi 30 wakikaa mmoja mmoja au 40 wakikaa wawili wawili. Likiwa na kimo cha mita 3, darasa hilo lina mita za ujazo 135 za hewa. Machi mwaka huu WHO ilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa kila sekunde. Kwa watoto 60 hiyo ni lita 600 kwa sekunde, kwa hiyo hewa yote ya darasa yapaswa kubadilika kila baada ya dakika nne hivi. Feni ya darini haiwezi kuifanya kazi hiyo, kwani huzungusha hewa ile ile. Upepo unaoingia dirisha la upande huu na kutokea la upande wa pili huifanya bure.

Shida ni kwamba upande mmoja mara nyingi haufunguki. Chukua bisibisi ukague dirisha moja baada ya jingine. Utakuta fremu ya chuma iliyopakwa rangi juu ya bawaba hadi ikagandamana. Utakuta mkono wa kushikilia dirisha umekatika, hivyo mwalimu analifunga lisije likamgonga mtoto kichwani. Utakuta kioo kilichovunjika kimezibwa kwa bati, na upande wa barazani kabati la vitabu na chati za kuhesabu zimefunika vioo vyote. Hii ni kazi ya fundi wa kuchomelea, ya siku moja au mbili. Rangi ikwanguliwe, bawaba zitiwe oili, na kila dirisha lipate mkono mpya wenye matundu ili liweze kusimama robo, nusu au wazi kabisa. Kabati lihamie kwenye ukuta usio na dirisha. Chati zitundikwe kwa kamba chini ya vioo.

Baridi ya Juni na Julai ni sababu ya kweli. Walimu hawafungi madirisha kwa ukaidi. Asubuhi jijini joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Ila dirisha si lazima liwe wazi lote au lifungwe lote. Vile vidirisha vya juu vikiwa wazi pande zote mbili, hewa ya pumzi, ambayo ni ya joto na hupanda, hutoka bila upepo kuwapiga watoto shingoni. Kipindi kikiisha, baada ya dakika 30 kwa madarasa ya chini au 35 kwa ya juu, kila kitu kifunguliwe kwa dakika tano, watoto wakiwa wamesimama wakijinyoosha. Na mwalimu mkuu aruhusu sweta ya pili na kofia hata kama si za rangi ya shule. Kanuni inayomnyang'anya mtoto koti kwa sababu ni jekundu, kisha ikamkalisha kwenye dirisha lililo wazi, iliandikwa na mtu aliyeketi karibu na hita.

Katika shule za mabati kule Mukuru, Kibera na Mathare, ukuta wa nyuma mara nyingi umegusana na nyumba ya jirani. Huko hewa itolewe kwa juu. Kata ukanda wa sentimita 30 juu ya ukuta wa mbele, chini kidogo ya paa. Upande wa nyuma inua bati moja la paa liwe kama kikofia, mdomo wake ukielekea kule mvua isikotokea, na uzibe kwa wavu wa kuku.

Wenye uwezo wanaulizia mashine za kupima hewa ukaa (kaboni dioksidi, gesi tunayoitoa tukipumua). Ni nzuri: nje husoma 400 na kitu katika kila milioni, na darasani ikipita 1,000 ujue watoto wanavuta pumzi za wenzao. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mashine nyingi hupimwa kiwandani kwa hewa ya usawa wa bahari. Usipoingiza mwinuko, itasoma pungufu kwa karibu moja ya tano. Ikikuonyesha 850 katika mtaa wa Buruburu, huenda umeshapita 1,000.

Kunawa mikono kuendelee pale pale. Kipindupindu na kuhara havikuondoka korona ilipoingia. Tatizo ni hesabu. Shule ya watoto 600, kila mmoja akinawa mara nne kwa siku kwa nusu lita, inahitaji lita 1,200, yaani mitungi 60 ya lita 20, kabla ya kupika na kupiga deki. Kwa mitaa inayopata maji ya mgao siku chache kwa wiki, tangi la lita 1,000 lililonunuliwa haraka haraka mwaka jana halimalizi hata siku moja. Hata maji yakiwepo, muda hautoshi. Kunawa sawasawa huchukua sekunde 40. Watoto 600 kwenye mifereji 10 ni dakika 40, na mapumziko hayafiki hapo. Ndiyo maana wanachovya vidole na kukimbia, halafu mwalimu wa zamu anawalaumu. Ama mifereji ifike 20, ama madarasa yatoke kwa zamu mbili.

Karibu na vyoo, ambako shule nyingi hazina maji kwa sababu matangi yote yamepangwa langoni ili wageni wayaone, kibuyu chirizi kinatosha: mtungi wa lita 5 unaoinamishwa kwa kamba ya kukanyaga kwa mguu. Sabuni ya kipande huibwa au huyeyukia kwenye maji. Badala yake yeyusha gramu 30 za sabuni ya unga ndani ya chupa ya lita moja na nusu ya maji, toboa kifuniko kwa msumari wa moto, na uifunge chupa kwa waya. Vitakasa mikono viwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60 na vikae kwa mwalimu, kwani vinashika moto, na havifanyi kazi kwenye mikono yenye matope. Kisha fikirieni yale maji machafu. Upande wa mashariki wa jiji, kuanzia South B hadi Embakasi, udongo mweusi wa mfinyanzi haufyonzi. Shimo la mawe la kunyonya maji hujaa kwa siku chache na kuwa dimbwi la mbu. Huko chimbeni mtaro hadi kwenye mfereji wa maji taka.

Kuhusu themogani, kile kifaa cha kupima joto kwenye paji la uso, wazazi waelewe mipaka yake. Nyingi hutakiwa kutumika penye joto la nyuzi 15 au 16 kwenda juu, na saa kumi na mbili unusu asubuhi langoni hakuna joto hilo. Paji la uso lililopigwa na baridi husoma 34, askari wa lango anaandika 36 ili daftari lipendeze. Kifaa kikae ndani ya kibanda nusu saa kabla ya kutumika, na mtoto apimwe akiwa ameshaingia darasani na kupumzika kidogo, kofia imevuliwa. Kikiendelea kusoma 32, kagueni kitufe: pengine kimewekwa kupima ukuta badala ya mwili. Na hata kikiwa sahihi, mtoto mwenye virusi anaweza kukosa homa, au amepewa dawa ya kushusha homa nyumbani kwa sababu mama yake hawezi kukosa kibarua siku hiyo.

Barakoa za kitambaa ziwe za safu tatu, mbili kwa mtoto kwa siku, jina limeandikwa kwa kalamu isiyofutika, maana watoto hubadilishana kama kadi. Wakati wa hatari ni chakula cha mchana, barakoa zikiwa mfukoni. Githeri iliwe nje, chini ya mti au barazani.

Jambo ambalo karatasi za langoni hazina kabisa ni mpangilio wa viti. Kila mtoto awe na kiti kimoja muhula mzima, na mchoro ubandikwe nyuma ya rejista. Mmoja akiugua, mnajua papo hapo ni akina nani sita au wanane waliomzunguka, badala ya kulirudisha nyumbani darasa zima la watoto 60 kwa siku 14. Anayekohoa au mwenye homa asubiri kwenye chumba chenye dirisha linalofunguka, si stoo, akiwa na mtu mzima mmoja mwenye barakoa, hadi mzazi afike. Asipandishwe matatu peke yake. Jina lake lisitajwe kwenye paredi wala kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Likitajwa mara moja, wazazi wengine wote watajifunza kuficha.

Mwaka huu wa 2021 muhula unafungwa Julai 16 na mwaka mpya wa masomo unaanza Julai 26. Bodi za usimamizi zina siku hizo za katikati kwa kazi ya madirisha. Fundi akisema amemaliza, fungeni mlango wa darasa tupu kwa muda, washeni vijiti viwili vya ubani katikati hadi moshi uonekane, kisha fungueni madirisha ya pande zote mbili na mtazame moshi unakoelekea. Moshi ukitoka ndani ya dakika chache, mlipeni. Ukining'inia kwenye kona, msimlipe; mwonyesheni kona hiyo.

Afisa wa afya ya umma,
Makadara, Nairobi