Mjomba, baba hakuwa komandoo

Shikamoo Mjomba.

Najua utaisoma hii kabla ya mtu mwingine yeyote wa ukoo, maana wewe hulali bila kujua nani kakusema. Heri uisome mwenyewe kuliko uje kusimuliwa. Ni kuhusu kile kitabu chako cha Vita ya Kagera, ulichomgeuza baba komandoo.

Nianze na haki yako. Hapa Lindi tunatembea kifua mbele kwa ajili yako. Ulianza na zile hadithi za gazetini, kila wiki zinakatika pale pale mtu anapotaka kufa, na sisi watoto tukigombania kipande kilichofungiwa vitumbua. Hukuwahi kuvaa gwanda hata la mgambo, lakini ukipanga shambulio kwenye karatasi, msomaji anainamisha kichwa.

Na kile kitabu cha mapigano ya Mahiwa nitakitetea popote. Watu wanapita Nyangao kila siku na basi la Masasi, hawajui kuwa Oktoba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa siku nne tu, upande wa Waingereza ulipoteza watu zaidi ya 2,000 maeneo yale. Hawajui kuwa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alishinda, lakini risasi zilimwishia kiasi kwamba mwezi uliofuata alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Wewe hukuishia kwa wakubwa. Uliwaandika wapagazi, waliobeba vita ile vichwani wakafa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Ukaenda Mtama kukaa na vikongwe, ukawasikiliza.

Sasa kwa nini shemeji yako hukumsikiliza?

Baba alikuwa dereva, Mjomba. Unajua. Ulikaa naye barazani jioni ngapi, redio kaseti katikati yenu, mimi nikileta chai. Alikwambia habari za Kyaka: Waganda wamelivunja daraja, malori yamepanga foleni kwenye tope yakisubiri daraja la muda. Alikwambia habari za yule kijana aliyepigwa tumboni, aliyeomba maji njia nzima, na daktari amekataza asipewe. Baba akiendesha anamjibu, "Tunafika, mdogo wangu." Pale sauti ya baba ilikuwa inakatika, nawe unasogeza kinasa sauti karibu.

Kwenye kitabu chako cha Kagera yule kijana hayupo. Dereva anaruka kutoka kwenye lori, anafyeka kikosi kizima cha Amin peke yake, kisha anawasha sigara. Baba hakuvuta sigara maisha yake yote!

Hilo labda ningelimeza. Lakini siku ya pili ya msiba, watu wamekaa kwenye majamvi, wanawake tunapepeta mchele uani, ukasimama chini ya mwembe na simu sikioni. Nilikusikia. Ulikuwa unazungumza na mtu wa jalada. "Bunduki iwe kubwa zaidi. Na damu kidogo hapo kwenye jina." Mama alikuwa nyuma yangu na ungo mkononi. Hakusema neno, aliendelea kupepeta, na mpaka leo hajanigusia. Kaburi la mumewe lilikuwa bado bichi.

Mimi ni mpwa wako, sikufundishi kazi. Nakushauri tu: mwandike dereva kama ulivyomwandika mpagazi. Vita ya Kagera ilitoka mpakani Oktoba 1978 ikafika Kampala Aprili 1979. Unga, risasi na majeruhi vyote vilipita mikononi mwa watu kama baba. Wasomaji wako si wajinga. Wale waliosoma Mahiwa wangesoma na hilo.

Na wanaosema sikuja kwenye uzinduzi kwa sababu ya wivu, au kwa sababu ya mgao wa hela, waambie nilikuwa na sababu. Nani alimgeuza baba kitandani mwaka ule wa mwisho? Nani aliamka naye usiku akiita majina ya wenzake? Ningekaaje kiti cha mbele, nipige makofi mtu akisoma kwa sauti habari za sigara? Nisingeweza, na hata leo ungenialika nisingekuja.

Lakini nyumbani ni kwako, usije ukaacha kufika kwa sababu ya maneno haya. Mama anakuulizia. Korosho zako zipo, tumezitenga.

Zile kaseti nazitaka. Zifunge vizuri, mpe kondakta wa basi la Lindi, kisha nitumie namba ya gari nikazipokee stendi.