Acha kidhibiti cha mota kibaki mjinga

Swahibu wangu,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia umeifungua mwenyewe programu dhibiti ya mota inayogeuza usukani wa chombo chako badala ya kununua kisanduku kingine kisichofunguka. Ila wazo la kuhamishia humo hesabu za kushika dira silikubali.

Chombo kuyumba kushoto na kulia kama ulivyoeleza hakutokani na kidhibiti. Kwenye pypilot, ile programu huria ya kuongoza chombo, uamuzi wa usukani uende wapi unafanyika kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na namba zake unazibadilisha ukiwa safarini. Punguza nguvu ya kujibu kosa la mwelekeo, ongeza kidogo ile inayozuia kasi ya kugeuka, uone. Kidhibiti cha mota kinapokea amri kwa waya wa siriali na kuzungusha mota, basi. Kazi yake ya pili ndiyo kubwa: kukataa. Amri iliyoharibika njiani ikataliwe, kompyuta ikinyamaza mota isimame, usukani ukifika mwisho wake usisukumwe zaidi.

Kwa kuwa umefunga mota kubwa, hapo kwenye umeme ndipo pa kushughulikia. Mota ya volti 12 yenye ukinzani wa omu 0.4 ikikwama huvuta hadi ampea 30. Na ukiigeuza ghafla ikiwa kwenye mwendo kamili, volti inayozalishwa na mzunguko wake inajumlika na ya betri, mkondo ukakaribia mara mbili ya huo. Transista nyingi, zile swichi za kidhibiti zinazopitisha umeme wa mota, huungua hapo. Kwa hiyo ile sehemu ya kupandisha nguvu taratibu usiifute eti inachelewesha usukani.

Sasa rezista ya kupimia mkondo. ATmega328P, chipu iliyomo kwenye kidhibiti, inagawa kipimo chake hatua 1024, na ikitumia marejeo yake ya ndani ya volti 1.1, kila hatua ni kama milivolti 1.07. Ukibaki na rezista ya omu 0.05, ampea 20 tu zinakupa volti 1, karibu unagonga dari, na rezista inatoa joto la wati 20! Weka ya omu 0.01: joto linashuka hadi wati 4, na kila hatua inasoma takriban ampea 0.1, ambayo yatosha kabisa kwa usukani. Lakini ukiibadilisha bila kurekebisha thamani yake ndani ya programu, ampea 20 zitasomwa kama 4, na kidhibiti hakitakataa kitu mpaka moshi utoke.

Kikomo chenyewe cha mkondo ningekigawa mara mbili. Kimoja cha juu, cha muda mfupi sana, kwa sababu mota yoyote inapoanza huvuta umeme mwingi kwa kitambo. Kingine cha chini, kinachotazama wastani. Na kikomo kikivukwa, kataa upande ule tu. Ukizuia pande zote mbili, usukani uliokwama mwisho hautaweza kurudi katikati, na wewe uko peke yako kwenye tezi unahangaika na vitufe.

Mlio wa mota unaokukera ni jambo dogo. Chipu ile ikienda kwa megahezi 16, weka kilele cha taima yake iitwayo Timer1 kuwa 799, mapigo ya umeme kwenda kwenye mota yatakuwa kilohezi 20 na masikio hayatasikia kitu. Transista zitapata joto zaidi, basi ziguse.

Usijaribu chochote majini kwanza. Tenga mota na kana, iweke mezani, tumia pawa saplai yenye kikomo cha mkondo, kisha chomoa waya wa siriali mota ikiwa inazunguka. Lazima isimame na klachi iachie yenyewe. Rudia huku ukitikisa waya, maana amri nusunusu ni mbaya kuliko ukimya. Isiposimama, hakuna haja ya kuipeleka chomboni.

Kabla hujalehemu rezista, nitumie namba zilizoandikwa kwenye kibati cha mota na unene wa waya wa betri, nikupigie hesabu ya vikomo na fyuzi. Tuma na faili uliyokwisha kuibadilisha, hata kama bado haijakubali kukompaili.

Ndimi rafiki yako.